Maswali ya Wasomaji: Mashine ya Kufulia, Udongo Mwekundu na Maji ya Mgao

Barua za safari hii zimeelemea upande mmoja: mashine ya kufulia. Wengi wameshainunua na kuifunga, ila nguo zinatoka na mabaka, mashine inagoma katikati ya kazi, au fundi anaitwa kila mwezi. Tumechagua maswali ambayo majibu yake yatamsaidia pia jirani ambaye hakuandika. Mtaona kwamba kosa la mashine yenyewe ni nadra. Mara nyingi chanzo ni maji, sabuni, au namna nguo zilivyopangwa kabla ya kitufe kubonyezwa.

Mashati ya shule yamegeuka rangi ya chai

*Shikamooni wahariri. Nina watoto watatu wa shule ya msingi. Mashati yao meupe nayafua kwenye mashine pamoja na kaptula za bluu na soksi, nyuzi 40, na kila mara naongeza jiki. Badala ya kung'aa yanazidi kuwa na wekundu wa chai, hasa kwenye ukosi na mikono. Tatizo ni mashine au ni maji? Mama wa watatu, Nkuhungu.*

Marahaba, mama. Mashine iache, haina kosa. Hapo yamekutana mambo mawili: udongo wetu na hiyo jiki.

Udongo wa Dodoma una wekundu kwa sababu ya madini ya chuma, yaani ni kutu iliyosagika. Jiki inang'oa rangi za mimea, jasho na chai, lakini kutu haiigusi. Tena inaweza kuizidisha: maji yakiwa na chuma kilichoyeyuka, kama yalivyo maji ya baadhi ya visima, jiki inakigeuza kuwa kutu palepale na kutu ile inatua kwenye kitambaa. Kwa hiyo kadiri unavyoongeza jiki ndivyo shati linavyozidi kuwa la chai.

Jambo la pili ni soksi. Mashine ya mlango wa mbele inafulia maji machache sana, kama lita 15 hivi kwenye hatua ya sabuni. Soksi za watoto watatu waliocheza mpira uwanjani zinatosha kuyageuza maji hayo kuwa tope jepesi, na mashati yanazungushwa humohumo kwa saa nzima.

Anza na nguo zikiwa kavu. Zikung'ute nje, soksi zigeuze ndani nje na uzipige ukutani mpaka vumbi likome. Tope bichi usilifikiche, maana utalisukuma ndani ya nyuzi. Liache likauke kisha lisugue kwa brashi. Halafu suuza kwa maji baridi matupu, bila sabuni, kwenye beseni. Udongo mwingi utaondoka hapo, na ndipo nguo iende kwenye mashine.

Kuhusu kupanga, familia ya kawaida hapa inahitaji mafungu manne. La kwanza ni nyeupe tupu. La pili ni rangi hafifu pamoja na shuka. La tatu ni rangi nzito: nyeusi, bluu ya shule, jinsi, nyekundu. La nne ndilo wengi hulisahau: nguo zenye udongo mwingi, bila kujali rangi zake, yaani soksi za mpira, nguo za shamba, vitambaa vya kudekia. Hilo lifuliwe mwisho na peke yake. Taulo zikiwa nyingi zipe zamu yake, kwa sababu zinamwaga manyoya yanayong'ang'ania nguo nyeusi. Na ndani ya fungu lolote usichanganye jinsi nzito na blauzi nyepesi. Zipu na vifungo vya jinsi vitaila blauzi. Funga zipu, geuza jinsi ndani nje, na sidiria zitie ndani ya foronya uliyoifunga mdomo.

Mashati uliyonayo bado yanaokoleka. Nunua unga wa sitriki asidi, ule unaotumika kutia uchachu kwenye juisi. Koroga kijiko kikubwa kimoja katika lita 5 za maji ya uvuguvugu, loweka mashati nusu saa hadi saa moja, kisha yasuuze vizuri sana, kwani asidi ikikaukia kwenye pamba inaidhoofisha. Baada ya hapo yafue kwa sabuni, nyuzi 60 kama lebo ya ndani ya ukosi inaruhusu. Ukikosa unga huo, maji ya ndimu yanafanya kazi ileile, ila polepole.

Onyo moja ambalo halina mjadala: sitriki asidi, siki au ndimu visikutane kamwe na jiki, wala kwenye beseni wala kwenye droo ya mashine. Mchanganyiko huo unatoa gesi ya klorini inayochoma mapafu.

Ukosi ni habari nyingine, pale ni mafuta ya ngozi. Upake sabuni ya mche, uache dakika 10, ndipo uutie kwenye mashine.

Mashine inatembea

*Habari za kazi. Nimenunua mashine mpya ya mlango wa mbele, kilo 7. Ikifika kwenye kukamua inahama kutoka ukutani hadi katikati ya chumba na kelele zinasikika kwa jirani. Muuzaji anasema ndivyo zilivyo zikiwa mpya. Kijana, Ilazo.*

Hapana, mdogo wetu, hazipo hivyo. Chomoa waya wa umeme na uangalie mgongo wa mashine. Ukiona boliti nne kubwa (baadhi zina tatu) zenye vipande vya plastiki vilivyozama ndani, umepata jibu. Hizo ni boliti za safari. Zimewekwa kiwandani kulikaza pipa lisigongegonge kwenye lori, na lazima zitolewe kabla ya kufua mara ya kwanza. Zifungue kwa spana, nyingi huwa kati ya namba 10 na 13, vuta boliti pamoja na plastiki yake, kisha ziba matundu kwa vifuniko vilivyokuja ndani ya boksi. Usizitupe. Siku ukihama utazirudisha. Mashine ikiendelea kukamua zikiwa ndani, inaumiza springi, beringi na hata bodi.

Kama zilishatolewa, tazama miguu. Bonyeza juu ya kona mbili zinazotazamana kimshazari. Ikicheza, mguu mmoja haugusi sakafu. Uzungushe mpaka uguse, kisha kaza nati yake juu ili usilegee tena. Mashine isimame kwenye sakafu ngumu. Kichanja cha mbao, matofali yaliyopangwa, au zulia nene vinaongeza mtikisiko.

Ukishamaliza yote na bado inaruka, angalia ulichoweka ndani. Taulo moja zito peke yake, au shuka lililomeza nguo nyingine na kuwa donge, linavutia uzito upande mmoja. Kwenye mashine za LG utaona herufi UE. Simamisha, fumua donge, ongeza nguo mbili tatu au punguza, kisha kamua upya.

Kilo 7 ni nguo ngapi?

*Sina mizani ya nguo. Nitajuaje? Dada, Area C.*

Dada, hizo kilo ni za nguo kavu, tena za pamba. Shati la pamba la mtu mzima lina kama gramu 200 hadi 250, jinsi 600 hadi 800, taulo la kuogea 500 hadi 700. Lakini huhitaji hesabu. Zijaze nguo bila kuzishindilia, kisha ingiza kiganja chako kikiwa kimesimama juu ya rundo. Kikipita kwa shida, umezidisha. Pipa la mlango wa mbele linafua kwa kuinua nguo na kuziangusha ndani ya maji. Zikibanana hazianguki, zinalowa tu. Nguo za nailoni na poliesta weka nusu ya pipa. Za sufu na hariri, theluthi au chini yake.

Povu limemwagika mpaka koridoni

*Natumia sabuni ya unga ileile niliyokuwa nafulia kwa mkono, vikombe viwili. Mashine inajaza povu, inasuuza bila kumaliza, na nguo nyeusi zinatoka na mistari myeupe. Mama, Area D.*

Sabuni ya kufulia kwa mkono imetengenezwa ipige povu jingi, maana mfuaji anapenda kuliona. Kwenye mashine ya mlango wa mbele povu ni kero. Nguo zinaelea badala ya kuanguka, kifaa cha kupima kina cha maji kinadanganyika, pampu inavuta hewa, na mashine inakataa kukamua. Nunua sabuni iliyoandikwa kwamba ni ya mashine, na uhakikishe ni ya mlango wa mbele au wa juu kulingana na uliyonayo. Fuata kipimo cha pakiti. Kwa nguo zisizo chafu sana anza na chini ya kipimo hicho, kisha upandishe kidogo kama maji yako ni magumu. Utayajua kwa birika: likijenga ukoko mweupe ndani, maji ni magumu na yanakula sabuni.

Mistari myeupe ni sabuni ambayo haikuyeyuka, au haikusuuzika kwa sababu pipa lilijaa mno. Suuza tena bila sabuni.

Povu likishapanda, usiongeze maji ya moto wala usilazimishe mlango. Chagua kumwaga maji, kisha mimina kifuniko kimoja cha siki nyeupe au dawa ya kulainisha nguo kwenye droo, usuuze. Povu litakatika. (Kama kwenye mzunguko huo ulitia jiki, siki usiiguse, tumia dawa ya kulainisha.)

Mwenye mashine ya mapipa mawili anaweza kutumia sabuni ya mkono, ila kidogo. Huyo povu analiona kwa macho na analimwaga mwenyewe.

Tenki lina maji, mashine inasema hakuna

*Nipo Nzuguni. Maji ya bomba yanakuja kwa zamu, kwa hiyo nimeweka tenki la lita 2,000 juu ya mnara wa mita 3. Koki ya jikoni inatoa vizuri, lakini mashine inaanza, inanguruma dakika kadhaa, halafu inaandika IE. Fundi anataka abadilishe valvu. Baba mwenye nyumba.*

Mzee, valvu isubiri kwanza. IE kwa mashine za LG ina maana moja: maji hayakufika kina kinachotakiwa ndani ya muda uliopangwa. Mashine imechoka kungoja.

Tuanze na hesabu. Kila mita 10 za kimo cha maji zinatoa mgandamizo wa takriban bar 1. Mnara wako ni mita 3, koki ya mashine ipo kama mita 1 kutoka sakafuni. Tenki likikaribia kuisha umebaki na mita 2, yaani bar 0.2. Mashine nyingi za mlango wa mbele zinataka angalau bar 0.3, nyingine 0.5. Tenki likijaa kimo kinaongezeka kidogo na mashine inafanya kazi, likipungua inagoma. Kama umeona kwamba inagoma zaidi siku za mwisho za mgao, basi ndiyo hiyo. Angalia ukurasa wa vipimo kwenye kitabu cha mashine. Kikiandika MPa, zidisha kwa 10 upate bar.

Kabla ya kutumia pesa, safisha chujio la mlango wa maji. Funga koki, chomoa umeme, fungua mpira wa maji nyuma ya mashine. Ndani ya mdomo ule mpira ulipokuwa umefungwa utaona wavu mdogo wa plastiki wenye kichomozo katikati. Ushike kwa koleo, uvute taratibu, uusugue kwa mswaki wa zamani chini ya maji. Kwa maji ya hapa utakuta mchanga laini na mabaki ya kutu, wakati mwingine umezibwa kabisa. Mpira wenyewe nao mara nyingi una wavu upande wa koki. Maji ya bomba yanaporudi baada ya mgao, yale ya kwanza hubeba takataka zilizotulia kwenye mabomba. Yamwage ndoo moja mbili nje kabla hujaruhusu tenki lijae. Na mdomo wa kutolea maji kwenye tenki uwe juu ya kitako kidogo, usivute tope la chini.

Wavu ukiwa safi na bado maji ni dhaifu, tazama bomba. Bomba la nusu inchi lenye kona sita linapoteza nguvu kuliko la robo tatu inchi lenye kona mbili. Suluhisho la uhakika ni pampu ndogo ya kusukuma, ile inayowaka yenyewe koki ikifunguliwa, ikiwekwa kwenye bomba linalotoka tenkini. Kuinua mnara nako kunasaidia, lakini bei yake inaizidi pampu kwa mbali.

Mashine ya kufungulia juu haina shida hiyo sana. Nyingi unaweza kuzimiminia maji ya ndoo moja kwa moja ndani ya pipa mpaka kina kifike. Ya mlango wa mbele baadhi hukubali maji kupitia droo ya sabuni, lakini itabidi usimame nayo kila hatua ya kusuuza. Mzunguko mmoja wa mashine ya kilo 7 ya mlango wa mbele unakula takriban lita 50, yaani ndoo kubwa mbili na nusu. Ya kufungulia juu ya otomatiki inaweza kufika lita 100 na zaidi. Gonga tenki kabla hujaanza.

Kufua kwa maji ya kununua

*Mimi ni mwalimu, Kondoa. Maji nanunua kwa ndoo. Nina mashine ya mapipa mawili, moja la kufulia na moja la kukamulia. Nikifua kila fungu na maji yake, pesa inaishia kwenye maji. Kuna njia?*

Mwalimu, una mashine inayofaa kuliko zote kwa hali yako, kwa sababu wewe ndiye unayeamua maji yaende wapi. Siri ni kuyatumia maji yaleyale kutoka safi kwenda chafu.

Pandisha kwanza mpira wa kumwagia kwenye ndoano yake. Ukiwa chini maji yataondoka unapojaza. Jaza pipa la kufulia, tuseme lita 40, koroga sabuni iyeyuke. Ingiza nyeupe, dakika 6 hadi 8. Zihamishie kwenye pipa la kukamulia bila kuzisuuza na uzikamue dakika moja; maji ya sabuni yanayotoka hapo yapokee kwenye beseni na uyarudishe kwenye pipa la kufulia. Yaleyale yapokee rangi hafifu, kisha rangi nzito dakika 10 hadi 12, mwisho zile zenye udongo ulizokwisha kuzisuuza nje. Fungu la tatu liongezee sabuni nusu ya kipimo cha mwanzo.

Mwaga. Jaza lita 40 nyingine na usuuze kwa mpangilio uleule, dakika 3 kila fungu, ukikamua katikati. Badilisha maji mara moja, rudia. Jumla ni lita 120 kwa mafungu manne. Ungefua kila fungu kivyake na kulisuuza mara mbili, ungetumia lita 480. Maji ya kusuuza ya mwisho yatunze. Yatasuuzia nguo zenye udongo kesho kutwa au yatadekia.

Wengi huona kukamua kabla ya kusuuza ni kupoteza muda. Ukweli ni kwamba kitambaa kilichokamuliwa kimebaki na sabuni kidogo sana, kwa hiyo suuzo moja linafanya kazi ya mawili.

Pipa la kukamulia nalo lina taratibu zake. Panga nguo kuzunguka ukingo sawasawa, zikandamize kwa mkono, weka kile kisahani cha plastiki juu yake ndipo ufunge kifuniko. Likigonga, simamisha upange upya. Mkono usiingie mpaka pipa limesimama kabisa. Koti la mvua na kitambaa chochote kisichopitisha maji visikamuliwe humo: maji yanakwama ndani, uzito unaruka upande mmoja, na mashine inaweza kupinduka.

Kanga mpya na chumvi

*Nimeambiwa niloweke kanga na vitenge kwenye maji ya chumvi ili rangi isichuje. Nimefanya, na bado shuka zangu zimekuwa za waridi. Mama, Chamwino.*

Pole, mama. Chumvi humsaidia mtia rangi wakati anatia rangi, kitambaa kinywe vizuri. Kikishatoka kiwandani, chumvi ya jikoni haiifungi rangi. Siki nayo ina kazi kwa rangi za sufu na hariri. Kwa pamba haifungi. Kinachochuja kwenye kanga mpya ni rangi ya ziada ambayo haikushika tangu mwanzo, na dawa yake ni kuitoa: loweka peke yake kwenye maji baridi, suuza mpaka maji yawe meupe, na mara mbili tatu za mwanzo ifue kivyake. Ukitaka kujua kama imekwisha, lowesha pembe, funika kwa kitambaa cheupe, bandika pasi ya moto sekunde kumi. Kitambaa kikibaki cheupe, kanga inaweza kwenda na rangi nzito, nyuzi 30. Batiki usiiamini hata siku moja. Ni ya mkono, maji baridi, kivulini.

Shuka zilizoathirika zisianikwe wala zisipigwe pasi. Zikiwa bado mbichi zirudishe kwenye mashine zenyewe tu, sabuni ya kutosha, joto la juu linaloruhusiwa na lebo. Rudia. Kama ni nyeupe za pamba tupu, jiki iliyochanganywa na maji kwa kipimo cha chupa itamalizia, na hapo ndipo mahali pake.

Doa la zabibu

*Tunavuna zabibu Hombolo. Nguo zikipata maji ya zabibu nyekundu, nikipaka sabuni ya mche doa linageuka bluu na halitoki tena. Kwa nini?*

Rangi ya zabibu inafuata asidi. Penye uchachu inakuwa nyekundu, penye alkali inageuka bluu au kijivu, na sabuni ya mche ni alkali. Anza basi na uchachu. Pitisha maji baridi kwa nyuma ya kitambaa ili doa lisukumwe kutoka nje, kamulia ndimu au siki nyeupe, acha dakika 10 hadi 15, suuza, kisha fua kwa sabuni ya unga nyuzi 40. Pasi isiguse mpaka doa liishe.

Hamkuuliza, lakini tuseme: nguo za kupulizia dawa shambani zisichanganywe na nguo nyingine hata moja. Zifue siku hiyohiyo, zenyewe, kisha endesha mashine tupu na sabuni kidogo kabla ya nguo za watoto kuingia.

Nyuzi 60 na LUKU

*Maji ya moto yanakula yuniti ngapi? Mpangaji, Kisasa.*

Kupasha lita 15 kutoka nyuzi 25 hadi 40 kunahitaji takriban yuniti 0.26, hadi 60, yuniti 0.6. Ongeza kidogo kwa ajili ya mota na joto linalopotea. Hita ndiyo inayokula umeme, pipa kuzunguka ni kidogo. Kwa hiyo nguo za kila siku nyuzi 30, au baridi. Nyuzi 60 iwekee taulo, shuka na nepi. Mara moja kwa mwezi endesha mashine tupu kwa joto la juu ili kuondoa harufu, na kama birika lako linajenga ukoko, tia gramu 100 za sitriki asidi ndani ya pipa mzunguko huo. Ukoko juu ya hita unaifanya iungue mapema.

Nikigusa mashine inanitekenya

*Nikiwa peku nahisi umeme mdogo kwenye bati la mashine. Ni kawaida? Dada, Manyoni.*

Si kawaida, dada. Chomoa leo na usiitumie mpaka fundi umeme apime erthi. Sababu kubwa ni mbili: plagi ya pini tatu imechomekwa kwenye soketi ambayo waya wake wa erthi haujaunganishwa, au nondo ya erthi iko kwenye udongo mkavu kiasi kwamba haipitishi kitu. Kanda yetu hiyo ya pili ni ya kweli hasa kiangazi. Fundi anaweza kuzamisha nondo zaidi au kuongeza nyingine. Mwombe pia aweke swichi inayokata umeme unapovuja. Mashine yenye hita inavuta karibu ampea 10, hivyo iwe na soketi yake ukutani. Ekstensheni nyembamba inayobeba pia friji na runinga itayeyuka.

Maji hayatoki, mlango haufunguki

*Imeandika OE na nguo zimebaki ndani ya maji. Mama, Makulu.*

Mlango unajifunga makusudi kwa kuwa kuna maji. Chomoa umeme, kama ulifua kwa moto, subiri yapoe. Chini mbele, mara nyingi kulia, kuna kifuniko kidogo. Kifungue: utaona mpira mwembamba wenye kizibo na kando yake kitasa cha mviringo. Weka chombo bapa, toa kizibo, acha maji yatiririke, rudisha kizibo kila chombo kinapojaa. Yakiisha, zungusha kitasa polepole kinyume cha saa na ukitoe. Hapo utakuta sarafu, vibanio vya nywele, soksi ya mtoto mchanga, karatasi zilizogeuka uji. Safisha, mulika ndani kwa tochi ya simu, sukuma panga la pampu kwa kijiti uone kama linazunguka. Rudisha kitasa na ukikaze. Kikikaa kimshazari, mzunguko ujao utalowesha chumba.

Kama chujio lilikuwa safi, tazama mpira wa kumwagia. Usiwe umekunjwa, na ncha yake iwe kati ya sentimita 60 na 100 kutoka sakafuni. Ukiwa chini zaidi maji yanajivuta yenyewe na kutoka wakati mashine inajaza. Ukiwa juu zaidi pampu inashindwa kuyapandisha.

Blanketi

*Je, blanketi kubwa la msimu wa baridi linaweza kuingia mashine ya kilo 7? Linaingia nikilisukuma. Mama, Miyuji.*

Kama linaingia kwa kusukuma, toa. Likilowa linafika uzito ambao pipa haliwezi kuusawazisha. Loweka kwenye beseni kubwa na maji ya uvuguvugu yenye sabuni kidogo, likanyage kwa miguu dakika 10, suuza mara mbili. Usilisonge, likunje na ulikandamize maji yatoke. Anika juu ya kamba mbili sambamba ili lisivutike, asubuhi na mapema, ulianue kabla upepo wa mchana haujainua vumbi.